Uzi: Mwanakwaya anayejua solfa anavyoweza kuanza piano bila kutegemea kitufe cha transpozi

Mwanzisha uzi (Uyole, Mbeya)

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu.

Vijana wengi wa kwaya zetu, kuanzia Tukuyu hadi Makambako na Iringa mjini, wanatamani kupiga piano, na wengi wao huambiwa waanze kama watu wasiojua lolote katika muziki. Ushauri huo unawapotezea muda. Mtu aliyeimba sauti ya pili au besi kwa miaka kadhaa, akasoma solfa (Do, Re, Mi, Fa, So, La, Ti) ubaoni, akazoea kusikia sauti nne zikipishana bila kupotea katika sauti yake, tayari anayo sehemu ngumu kuliko zote ya elimu hii, nayo ni sikio. Kinachokosekana ni njia ya kutoka sikioni hadi vidoleni, na uzi huu nimeuanzisha ili tuizungumze njia hiyo kwa kina.

Solfa tunayotumia ina asili yake kwa mwalimu Sarah Glover wa Norwich, Uingereza, na katika karne ya 19 ilienezwa sana na John Curwen, hadi ikafika kwenye kwaya za misheni barani Afrika. Nguvu yake ni kwamba Do haina makazi ya kudumu. Karatasi ikiandikwa juu yake "Do ni G", mwanakwaya anapewa Do na mwalimu, kisha Re, Mi na nyingine zote zinajipanga zenyewe kichwani mwake. Kwenye piano hali ni tofauti, kwa sababu ufunguo wa G uko palepale siku zote, wimbo uwe wowote. Kazi kubwa ya mwanafunzi anayetoka kwaya ni kukutanisha Do inayohama na funguo zisizohama.

Hapo ndipo kitufe cha transpozi, kile kinachopandisha au kushusha sauti za kinanda chote, kinapoharibu mambo. Mpigaji hujifunza Do ni C, yaani funguo nyeupe tupu, akazipiga nyimbo zote huko. Wimbo ukitakiwa kuimbwa Do ni E flati, yaani ufunguo mweusi ulio kushoto kwa E, anabonyeza kitufe mara tatu na kuendelea na funguo zilezile nyeupe. Waimbaji hawaoni kasoro yoyote, lakini yeye anakuwa amekaa miaka yote katika chumba kimoja cha nyumba yenye vyumba kumi na viwili. Siku akiketi mbele ya piano halisi ya nyuzi, ambayo haina kitufe cha namna hiyo, au akipewa nota za mistari mitano zenye flati tatu mwanzoni mwa mstari, hana pa kuanzia. Tena macho yake yanaona C huku masikio yakisikia E flati, na kadiri anavyoendelea hivyo ndivyo anavyozoea kuyatenganisha mambo mawili ambayo piano inataka yaende pamoja.

Basi aanzeje? Kwanza azifahamu funguo zenyewe. Piano kamili ina funguo 88, nyeupe 52 na nyeusi 36. Vinanda vingi tunavyoviona makanisani vina 61, nyeupe 36 na nyeusi 25. Funguo nyeusi zimepangwa kwa makundi ya mbili mbili na tatu tatu, na ufunguo mweupe ulio kushoto kabisa mwa kundi la mbili ni C. Kwenye piano ya funguo 88, C ya katikati ni ya nne kutoka kushoto; kwenye kinanda cha kawaida cha 61 ni ya tatu.

Baada ya hapo, imba ngazi yako ya solfa taratibu na usikilize umbali uliopo kati ya sauti na sauti. Kati ya Mi na Fa, na kati ya Ti na Do ya juu, umbali ni nusu hatua. Kwingine kote ni hatua nzima. Kwenye kinanda, nusu hatua ni kwenda kwa jirani wa karibu kabisa, awe mweupe au mweusi, na hatua nzima ni kuruka ufunguo mmoja katikati. Ndiyo maana Do ikiwa C hatugusi funguo nyeusi: kati ya E na F hakuna mweusi, na kati ya B na C pia hakuna, na hapo ndipo Mi–Fa na Ti–Do zinapoangukia.

Sasa hamishia Do kwenye G kwa kidole kimoja, huku ukiimba. Utakwenda salama hadi La, lakini ukifika Ti na kubonyeza F nyeupe, sikio lako litakataa, kwa sababu F iko chini mno. Panda nusu hatua hadi F shapu, yaani ufunguo mweusi ulio kulia kwa F, na utasikia Ti yako imetulia mahali pake. Fanya hivyohivyo Do ikiwa F, na Fa itakudai B flati. Do ikiwa D, utadaiwa F shapu na C shapu. Nawasihi msikariri mambo haya kutoka kwenye jedwali kabla ya kuyasikia. Acha sikio likatae kwanza, kisha kidole kitafute, maana kilichopatikana kwa njia hiyo hakisahauliki upesi.

Vidole huhesabiwa kuanzia gumba, ambalo ni 1, hadi kidole kidogo, ambacho ni 5. Ngazi ya C kwa mkono wa kulia ikipanda ni 1 2 3 1 2 3 4 5, gumba likipita chini ya kidole cha kati bila kiwiko kuinuka. Mkono wa kushoto ukipanda ni 5 4 3 2 1 3 2 1. Ngazi ya F kwa mkono wa kulia hubadilika kuwa 1 2 3 4 1 2 3 4, ili gumba lisilazimike kukaa juu ya B flati. Wapo wanaoziogopa funguo nyeusi wakidhani ni za wataalamu. Chopin, aliyefundisha piano kwa miaka mingi mjini Paris, alikuwa akiwaanzisha wanafunzi wake kwa mkao ambamo gumba liko E na vidole vitatu virefu vya kati viko F shapu, G shapu na A shapu, kwa sababu hapo mkono hukaa kwa umbo lake la asili. Ngazi ya C ni rahisi kuielewa kwa macho, lakini kwa mkono ni miongoni mwa zile ngumu kuzipiga kwa ulaini.

Ukishazoea ngazi mbili au tatu, unganisha sauti. Kodi, yaani sauti tatu zinazopigwa pamoja, ziko tatu: d-m-s (Do-Mi-So), f-l-d (Fa-La-Do) na s-t-r (So-Ti-Re). Hizo zinatosha kuzibeba nyimbo nyingi sana za ibada, ila usiziruke kutoka mahali hadi mahali kama vile hazijuani. Do ikiwa C, mkono wa kulia ushike C-E-G. Kwenda kodi ya Fa, acha C ilipo, E ipande hadi F na G ipande hadi A. Kwenda kodi ya So kutoka ya Do, acha G ilipo, C ishuke hadi B na E ishuke hadi D. Mwanakwaya ataitambua hali hii mara moja, kwa kuwa ndivyo sauti ya pili inavyofanya: hubaki palepale inapowezekana, na ikisogea husogea kwa hatua fupi. Mkono wa kushoto uimbe besi, yaani Do, Fa na So. Kisha fanya yaleyale Do ikiwa G: G-B-D, halafu G-C-E, halafu F shapu-A-D.

Naomba michango na maswali.

Besi wa Mafinga

Mwalimu, nashukuru kwa somo hili, ila naomba kutofautiana nawe katika jambo moja. Kwetu wimbo huanzishwa na mama yeyote aliyeguswa, kwa sauti yoyote iliyomjia, na mpiga kinanda anapaswa kumfuata papo hapo. Akianza kutafuta vidole vya Do ni A flati, ubeti wa kwanza utakuwa umekwisha. Je, si haki kwamba kitufe hiki kinaokoa ibada?

Mwanzisha uzi

Ndugu yangu Besi, hoja yako ni ya kweli na siipingi. Ibada si mahali pa mpigaji kufanyia mazoezi, na aliyekabidhiwa kinanda leo akitumia kitufe ili waumini waimbe vizuri, ametimiza wajibu wake. Ninachokataa ni kitufe hicho kutumika kwenye mazoezi ya nyumbani, mahali ambapo hakuna anayemharakisha. Nyumbani kiwe sifuri daima.

Kuhusu kumfuata aliyeanzisha wimbo, wewe unayeimba besi una faida kubwa. Nyimbo za kwaya zilizoandikwa kwa sauti nne karibu zote humalizia besi ikiwa kwenye Do. Wimbo ukianza, punguza sauti ya kinanda, sikiliza mwisho wa mstari unaotulia kabisa, imba Do hiyo kimoyomoyo, kisha itafute kwa kidole kimoja cha mkono wa kushoto. Ukiipata, piga besi peke yake hadi ubeti uishe, na mkono wa kulia uingie ubeti wa pili. Waumini hawatadhurika kwa ubeti mmoja wenye besi tupu, na wewe kila Jumapili utakuwa umejifunza kuipata Do kwa sikio lako mwenyewe.

Mama wa Njombe

Shikamoo mwalimu. Nina binti wa miaka saba anayeimba kwaya ya watoto, na mimi mwenyewe nimevuka hamsini na natamani tujifunze pamoja. Naomba ushauri wa kinanda cha kununua, kwa kuwa dukani nimeonyeshwa vidogo vya bei nafuu. Jambo la pili, Juni na Julai huku kwetu vidole vinakufa ganzi kwa baridi. Tufanyeje?

Mwanzisha uzi

Marahaba mama, na hongera kwa uamuzi wa kujifunza pamoja na binti yako. Umri wako hauzuii chochote. Vidole vya mtoto hujifunza wepesi mapema, lakini mtu mzima huelewa haraka sababu ya kila jambo, na tena wewe umesikia nyimbo nyingi kuliko yeye.

Unapokwenda dukani chukua rula. Pima kuanzia ukingo wa kushoto wa C hadi ukingo wa kulia wa B iliyo upande wa kulia, yaani funguo saba nyeupe. Kipimo cha piano ni sentimita 16.5 hivi. Kikipungua sana, hicho ni kinanda cha kuchezea watoto, na mkono utakaojifunza umbali huo utalazimika kujifunza upya. Kisha bonyeza ufunguo mmoja polepole, halafu kwa nguvu. Kama sauti haibadiliki, kiache. Piano tangu ilipobuniwa na Bartolomeo Cristofori mjini Florence, Italia, yapata mwaka 1700, ni ala ambayo nguvu ya kidole ndiyo inayoamua ukubwa wa sauti, kwa sababu kila ufunguo unarusha nyundo inayogonga nyuzi. Kinanda kisichohisi nguvu ya kidole hakiwezi kumfundisha mtoto jambo hilo. Kama fedha inatosha, chagua piano ya umeme yenye funguo 88 nzito. Kama haitoshi, kinanda cha funguo 61 zinazohisi nguvu kitawatosha ninyi wawili kwa muda mrefu.

Uliza pia kama kinatumia betri, kwa kuwa umeme hukatika. Adapta iwe ya volti zilizoandikwa kwenye kinanda chenyewe, na alama ya chanya na hasi kwenye plagi yake ifanane na iliyochorwa pale pa kuchomekea. Adapta ya kuazima kwenye redio inaweza kukiunguza kinanda siku ya kwanza.

Msikiweke juu ya meza ya kulia chakula bila kurekebisha kiti. Kwenye piano funguo ziko kimo cha sentimita 73 hivi kutoka sakafuni, na meza peke yake ina 75 hivi, kwa hiyo kinanda kikikaa juu yake mabega yatapanda na viganja vitapinda. Ongezeni mto au blanketi lililokunjwa juu ya kiti hadi kiwiko kiwe sawa na funguo, na binti awekewe kisanduku chini ya miguu isining'inie.

Kuhusu baridi, loweka mikono katika maji ya uvuguvugu kwa dakika chache, ikaushe vizuri, kisha anza na nota ndefu za taratibu. Misuli ya baridi haitaki kukimbizwa, na maumivu ya kiganja au ya mkono ni amri ya kupumzika.

Mwanachuo Iringa

Habari za kazi, mwalimu. Je, nikishaweza kuihamisha Do kwa vidole kama ulivyoeleza, bado kuna haja ya kujifunza nota za mistari mitano? Kwaya yangu yote inasoma solfa na hatujapungukiwa.

Mwanzisha uzi

Kaka, ipo haja, na nitakueleza kwa nini. Solfa huandikwa mstari mmoja kwa kila sauti, na kwa mwimbaji hilo linatosha kabisa. Mpiga piano anahitaji kuona kwa mtazamo mmoja sauti zote zinazosikika pamoja, na kama sauti inapanda au inashuka. Mistari mitano imechorwa kwa ajili hiyo: kilicho juu kinaonekana juu. Karibu kila kilichoandikwa kwa ajili ya piano, kuanzia mazoezi ya wanaoanza, kimeandikwa kwa namna hiyo.

Usianze kwa kukariri kila mstari. Shika vituo vitatu tu: C ya katikati, G iliyo mstari wa pili kutoka chini, ambao alama ya mkono wa kulia inauzunguka, na F iliyo mstari wa nne kutoka chini, ambao alama ya mkono wa kushoto inauwekea nukta mbili. Kutoka kwenye vituo hivyo hesabu hatua, na uzisome kama solfa. Ukiona shapu moja mwanzoni, na wimbo ni wa furaha unaotulia kwenye G, sema "Do ni G" na uimbe kabla ya kupiga.

Kisha chukua wimbo wa sauti nne unaoujua vizuri. Sauti ya kwanza na ya pili zishikwe na mkono wa kulia, ya tatu na besi zishikwe na wa kushoto. Pale ambapo sauti ya tatu iko juu sana na besi iko chini sana, hata mkono wa kushoto usifike, mkono wa kulia uisaidie sauti ya tatu. Piga besi peke yake huku ukiimba sauti ya kwanza, halafu badilisha. Zoezi hili nalipenda kuliko mengine yote, kwa sababu linamfanya mpigaji asikie sauti mbili kwa wakati mmoja badala ya kubonyeza tu kilichoandikwa.

Mjumbe wa parokia, Iringa vijijini

Mwalimu, kwetu ipo piano ya zamani ya mbao, iliyoachwa na wamisionari. Baadhi ya funguo hazitoi sauti na nyingine zinatoa sauti za ajabu. Je, vijana wajifunzie hiyo?

Mwanzisha uzi

Ndugu mjumbe, kwa sasa wasijifunzie hiyo, hasa kwa sababu ya sikio nililolizungumzia tangu mwanzo. Kijana mwenye Mi na Fa sahihi kichwani akiketi kila siku mbele ya nyuzi zilizolegea, ataharibikiwa na kile alicho nacho. Piano ya namna hiyo ina nyuzi zipatazo 230, zinazovuta fremu yake ya chuma kwa nguvu ya tani 18 au zaidi, na ubao wake wa sauti hupanuka wakati wa mvua za Novemba hadi Aprili, kisha hunywea kiangazi. Ndiyo maana hata piano nzima huhitaji kupimwa nyuzi walau mara moja kwa mwaka.

Msimruhusu mtu asiye fundi kukaza nyuzi hizo, maana ukikatika mmoja unaweza kumuumiza. Tafuteni fundi wa piano aitazame fremu kama ina ufa na vigingi vya nyuzi kama bado vinakaza, na yeye ndiye aseme kama inafaa kutengenezwa. Wakati mnasubiri, iondoeni chini ya dirisha na mahali panapovuja.

Besi wa Mafinga

Mwalimu, nimerudi na tatizo lingine. Kinanda chetu kinafungiwa kanisani, na ufunguo wa mlango anao mzee wa kanisa anayekaa mbali. Nakipata Jumamosi tu, na hapo nakaa saa tatu mfululizo. Nyumbani sina kitu.

Mwanzisha uzi

Ndugu Besi, saa tatu za Jumamosi ni nyingi mno kwa siku moja na ni chache mno kwa juma zima. Mkono hujifunza kwa kurudiwarudiwa na kulala katikati, kwa hiyo dakika 20 za kila siku zitakufikisha mbali zaidi. Kwa siku nyingine sita, chora funguo kwenye karatasi ya manila na uiweke mezani. Weka vidole juu yake na uimbe kila sauti kwa solfa kadiri kidole kinavyogusa, ukifuata mlio wa saa ya ukutani, ambao ni mapigo 60 kwa dakika. Chagua Do moja kwa juma zima, ngazi kwanza, kodi tatu baadaye, kila mkono peke yake kabla ya kuiunganisha. Kwa kuwa karatasi haina sauti, sikio lako litalazimika kuitoa sauti hiyo lenyewe. Jumamosi utakwenda kwenye kinanda kuhakikisha, nusu saa kisha pumziko, halafu nusu saa nyingine.

Besi wa Mafinga

Nimekuelewa vizuri. Naomba vipimo ili nichore leo.

Mwanzisha uzi

Kila ufunguo mweupe uwe na upana wa milimita 23.5 na urefu wa sentimita 15. Mweusi uwe na upana wa sentimita 1 hivi na urefu wa 9.5, ukianzia upande wa mbali na wewe. Chora oktava mbili, kuanzia C hadi C ya tatu. Hizo ni funguo nyeupe 15, yaani sentimita 35 na robo kwa jumla, na zinaenea kwenye manila moja. Usiandike majina ya nota juu yake.